Karanga Chini ya Kisigino

Nianze kwa kuomba radhi, tusije tukafika mbele mkaniona mjanja. Nyote mliowahi kulala kifudifudi kwenye mkeka wangu mnadani Ruangwa, mkasikia mgongo umelia ka!, mkainuka mnanishukuru huku mnajipapasa kiuno: ule haukuwa mgongo wenu. Ilikuwa karanga. Karanga kavu na ganda lake, nimeikanyaga mimi kwa kisigino cha kulia, chini ya ukingo wa mkeka. Nimefanya hivyo miaka sita, na kisigino hicho kimenilisha vizuri kuliko kichwa changu.

Naitwa Rogath. Kwenye kibao changu nimeandika FUNDI WA VIUNGO: MGONGO, NYONGA, SHINGO, BEGA, GOTI. Chini kabisa, kwa sababu rangi ilibaki, nikaongeza NA MENGINEYO. Hayo mengineyo mpaka leo siyajui.

Lakini msidhani nilizaliwa tapeli. Kazi hii nilijifunza kihalali kabisa, kwenye hospitali moja ya misheni, ambako kwa miaka tisa nilikuwa mhudumu wa chumba cha mazoezi ya viungo. Nisijikweze: niliosha mikeka, nilisukuma viti vya magurudumu, nilishika miguu ya wagonjwa isiteleze. Ila aliyeongoza chumba kile, Sista Dionisia, hakuweza kuvumilia mtu aliyesimama bure. Alinifunga kitambaa machoni, akaniwekea mkono wa mgonjwa mikononi, akasema, "Haya, niambie panapouma." Nikijibu ovyo ananipiga kwenzi. Alinifundisha kupasha moto kabla ya kugusa, kubonyeza polepole, kusubiri nyama ilegee yenyewe, kisha kumpa mgonjwa kazi ya kufanya kwake kila siku. Kwenye bega lililoganda ndipo alipokuwa mkali kupita kiasi. "Ule mfuko unaozunguka kiungo umesinyaa, Rogath. Ukiulazimisha unachanika, na ukichanika unarudi kusinyaa vibaya zaidi. Hii ni kazi ya miezi, siyo ya dakika." Yashikeni maneno hayo, maana mimi niliyaachia.

Sista alipohamishwa, na mkataba wangu ukaisha, nilichukua mkeka, chupa ya mafuta ya ufuta na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto, nikaanza kwenda mnadani Ruangwa. Huko nikagundua kwamba watu hawataki polepole. Mtu kapanda bodaboda kutoka kijijini, kala vumbi njia nzima, halafu umpapase nusu saa na kumwambia arudi wiki ijayo? "Hujafanya kitu, fundi. Mbona haujalia?" Kila mmoja alitaka mgongo ulie, na mimi sikuwa na cha kuufanya ulie.

Basi siku moja nilikuwa namchua mzee Hasani. Alikuwa mpulizia salfa kwenye mikorosho, na kiuno kilimkaza kwa kubeba ile mashine mgongoni msimu mzima. Pembeni yangu alikaa muuza karanga, na karanga zake zilishamwagika mpaka kwenye mkeka wangu. Nikasogeza mguu nipate nguvu ya kubonyeza. Ka! Mzee Hasani akaruka. "Hapohapo! Hapohapo, fundi!" Akatembea huku na huku, akainama, akagusa vidole vya miguu, akaita wenzake waje waone. Nikafungua mdomo nimweleze. Nikaona foleni inajipanga. Nikaufunga.

Tangu siku hiyo kila nikienda mnadani nanunua kikombe cha karanga, nyingine za kutafuna, nyingine za tiba. Wakanipachika jina la Fundi Ka. Haki ya Mungu, nilijisikia! Nikanunua koti jeupe. Chini ya ule mlio niliendelea kuchua kama Sista alivyonifundisha, kwa hiyo wengi walipona kweli, lakini shukrani zote zilikwenda kwa karanga.

Sasa tuje nyumbani Mnero. Huku kwetu mwanaume mara nyingi anaoa na kuhamia kwa mke, nami nilimwoa Goreti nikahamia kwao. Kutoka mlango wangu mpaka mlango wa mama mkwe ni hatua arobaini, na hizo hatua arobaini ndizo nilizoziogopa kuliko kitu chochote hapa duniani. Jina lake sitalitaja, ni mkwe wangu. Kijijini wanamwita Mama Saturnini kwa jina la mwanawe wa kwanza, na hata hilo nalitamka nimeinamisha kichwa.

Vijana wa siku hizi wanapeana mikono na wakwe zao, wanapiga nao picha za simu wamekumbatiana. Mimi na mama yule tulishika ya zamani. Simpi mkono. Simtazami usoni. Nikikutana naye njiani napisha, naingia majanini mpaka apite, na majani yenyewe mara nyingine yana upupu. Akiwa na neno kwangu anamwambia Goreti, na Goreti ananiambia mimi, hata kama tumesimama wote watatu. Goreti asipokuwepo anamwambia kuku. "Kuku, mwambie mkwe wangu mbuzi wake yuko kwenye mihogo yangu." Nami namjibu kuku huyohuyo, "Mwambie mama nakuja kumtoa." Kuku mwenyewe alikuwa mwekundu, hana mkia. Kwa miaka ile nadhani hakuna aliyetujua vizuri kama yeye.

Mwaka jana, korosho zikiwa zinaishia, bega la kulia la Mama Saturnini likaanza kukaza. Hakuanguka, hakugongwa. Kwanza alishindwa kufunga kitambaa kichwani. Kisha akashindwa kujikuna mgongo, na ilipofika Machi mkono ulikuwa haupandi kupita kifua. Hospitali walimpiga picha wakakuta mfupa mzima. Wakamwambia bega limeganda, wakampa dawa za maumivu na wakamtaka arudi kwa mazoezi mara mbili kwa wiki. Alikwenda mara tatu. Kwenye bodaboda kila shimo lilimpiga palepale begani, anafika ameuma khanga kwa meno. Akaacha.

Hapo ndipo Saturnini alipopiga simu kutoka Mbagala, ambako ni fundi magari. Shemeji yangu ni mtu mwema, ila akishaamua jambo amelikaza na spana. "Mama anakaa peke yake na hawezi hata kujitwika ndoo," alisema. "Nakuja Septemba, kabla korosho hazijaanza kudondoka. Nikikuta hawezi kujitwika ndoo ya maji mwenyewe, nampakia kwenye basi, anakuja kuishi kwangu."

Hakusema kwa ubaya. Lakini mikorosho ile Mama Saturnini aliipanda kwa mikono yake pamoja na marehemu mumewe, na marehemu mwenyewe amelala palepale, nyuma ya mkorosho wa tatu. Alisikiliza simu mpaka mwisho, akaingia ndani akafunga mlango mchana kweupe. Goreti alimkuta amekaa kitandani amepakata ngata yake, kile kitambaa cha kuzungusha anachowekea ndoo kichwani.

"Mbagala namjua nani mimi?" alimwuliza mwanawe. "Nikakae kwenye kigoda nitazame ukuta wa jirani mpaka nife?"

Goreti alirudi nyumbani akanivaa.

"Baba Rahel, wewe ni fundi wa viungo au siyo?"

"Ni fundi."

"Watu wanatoka Naipingo, wanatoka Ruponda, wanakufuata wewe. Mama yangu yuko hatua arobaini."

"Goreti, ni mkwe wangu! Nimshike bega? Nimshike bega mkwe wangu, halafu nipite wapi hapa kijijini?"

"Basi nifundishe mimi nimshike."

Nikamcheka. Nikamwambia kazi hii haifundishiki, ni kipaji, kiko kwenye damu. Damu ipi sijui, maana baba yangu alikuwa fundi baiskeli. Goreti hakubishana. Alikaa ananitazama tu, na mke wangu akikutazama vile, bora akutukane. Nikakubali.

Tukapanga hivi. Mama Saturnini atakaa ndani kwenye kigoda, ameupa mlango mgongo. Mlangoni tutaning'iniza khanga. Goreti atasimama nyuma ya mama yake, awe anageuka kuchungulia nje kwa juu ya khanga. Na mimi nitakuwa nje barazani na bega la mfano, nionyeshe, yeye aige. Bega la mfano lilikuwa la Bakary, jirani yetu mkulima wa ufuta. Huyu ni mtani wangu, tunatukanana tangu tunapoamka, na alikubali kwa ahadi ya chai na mihogo.

"Mkwe wako anachuliwa na mwanawe," alisema akivua shati, "na mimi nachuliwa na nani? Na beberu hili!"

"Kaa kimya, bega halina mdomo."

Nianze na ukweli huu: mwanzo ulikuwa mzuri. Taulo la maji ya moto, mafuta ya ufuta, vidole gumba vinazunguka taratibu kutoka shingoni kwenda begani. Nikisema, Goreti anafuata. Baada ya muda nikasikia ndani Mama Saturnini anashusha pumzi ndefu, "Aaaa." Kwa mara ya kwanza tangu Krismasi mtu alikuwa amemgusa bega asijikunje kwa maumivu. Tungeishia hapo siku ile, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Lakini watu walishajaa. Wanakwaya walikuwa wanatoka mazoezini, wakasimama. Akina mama wa kisimani wakatua ndoo. Wote wanamtazama Fundi Ka. Na mimi nikipata watazamaji akili inahama, nafanana na jogoo aliyepanda juu ya paa. Mfukoni nilikuwa na karanga za mnada wa juzi. Sikuamua, nawaambieni, mkono ulikwenda wenyewe ukadondosha moja chini, na kisigino kikaifuata. "Sasa mnaunyanyua hivi," nikasema kwa sauti ya kanisani, "halafu mnasukuma kidogo..."

Ka!

"Limefunguka!" Bakary akaruka. "Aisee, limefunguka!" Na bega lake halikuwa na ugonjwa wowote.

Watu wakapiga makofi. Juu ya khanga nikamwona Goreti, kakunja uso, anatega sikio. "La mama bado halijalia," akasema. Kisha nikamsikia anasema kwa sauti ya chini, "Vumilia, mama. Vumilia kidogo tu."

Nilikuwa na nafasi. Nusu dakika nzima nilikuwa nayo. Ningesema neno moja, acha, na yote yasingetokea. Nililijua bega lile, nilimjua Sista Dionisia, nilijua ni nini kinachanika humo ndani. Lakini Bakary alikuwa anawazungushia watu mkono wake hewani, na mwanakwaya mmoja alikuwa ananiuliza kama natibu na magoti. Nikawa namjibu kuhusu magoti.

Sikuwahi kumsikia mkwe wangu akipaza sauti maishani mwangu. Siku ile nilimsikia.

Mkono ukafungwa kifuani kwa khanga. Kidogo alichokuwa anaweza, kushika kikombe, kuchambua mboga, nacho kikaondoka. Goreti hakulala nyumbani siku mbili, alikaa na mama yake, na aliporudi kuchukua sufuria macho yalikuwa yamevimba. "Nimemvunja mama," alisema. "Nimemvunja kwa mikono yangu hii. Nilitafuta ule mlio, Baba Rahel, nikausukuma mkono mpaka nilipoweza, na mlio haukuja." Na mimi, mwanaume mzima mwenye koti jeupe, nilimwambia pole. Basi. Pole.

Siku ya tatu akashika simu ampigie kaka yake. "Bora aje amchukue sasa hivi. Kule kuna madaktari. Hapa kuna mimi."

Hapo nikashindwa. Nilitoa karanga mfukoni, nikaiweka sakafuni mbele yake, nikaikanyaga. Ka! Goreti akatazama mguu wangu. Kisha akanitazama usoni.

"Rudia."

Nikakanyaga nyingine.

"Miaka yote hii?"

"Yote."

"Na Bakary?"

"Bakary haumwi kitu."

Nilitegemea kupigwa mwiko. Nilitegemea hata jiwe la kusagia. Goreti akaweka simu chini polepole, akajifuta uso kwa upande wa khanga. "Twende ukamwambie mama," akasema.

Tukaenda zile hatua arobaini. Mama Saturnini alikuwa ndani, nyuma ya khanga ileile. Nikasimama barazani, nikamwambia Goreti, "Mwambie mama kwamba..." Akanikatisha. "Mimi sisemi. Sema mwenyewe." Akaenda kukaa chini ya mchungwa, akanipa mgongo.

Sasa nimwambie nani? Akabaki kuku.

"Kuku," nikaanza, na jasho linanitoka, "mwambie mama ule mlio ni wa uongo. Bega halitakiwi kulia. Mwambie Goreti hana kosa, alitafuta kitu ambacho hakipo, na mimi nilijua hakipo, na nilinyamaza kwa sababu watu walikuwa wananipigia makofi." Nikadondosha karanga nikaikanyaga, ili asikie mwenyewe. "Mwambie ni hii tu. Mwambie naona aibu, na siyo aibu ya ukwe, ni aibu yenyewe."

Kuku akasogea, akaila ile karanga, akasubiri nyingine. Nikasubiri mpaka miguu ikachoka. Hakutumwa kuku wala mtu.

Kesho yake nilimketisha Goreti nyumbani, nikamfunga kitambaa machoni, nikamfundisha kama nilivyofundishwa. Safari hii Bakary alilipwa chai ya wiki nzima, na akanitukana kiasi chake. Nilidhani Goreti atachukua mwaka. Siku ya nne akasema, "Hapa chini ya kwapa lake pana kitu kama uzi umekaza." Nikaweka kidole. Sikuona kitu. Nikafumba macho nikapapasa tena, na kweli, uzi ulikuwepo. Miaka tisa hospitali na sita mnadani, na uzi ule sikuwahi kuugusa. Hivyo ndivyo nilivyopata habari kwamba kile kipaji cha kwenye damu kilikuwepo nyumbani kwangu kweli, ila kwenye damu ya mtu mwingine.

Maumivu yalipotulia, wakaanza upya, yeye na mama yake, kila asubuhi. Taulo la moto. Mafuta. Sogea kidogo, pumzika. Kisha Mama Saturnini anainama, anauachia mkono uning'inie umeshika kopo la maji, anauyumbisha mbele na nyuma. Mwisho anasimama kwenye ukuta wa nje uliopakwa chokaa, anautambaza mkono kwenda juu kwa vidole, na pale vinapokwama Goreti anachora mstari kwa mkaa. Mimi sikuruhusiwa kuwepo. Nilikuwa napita baadaye, mama akishaingia ndani, nausoma ukuta. Mstari wa kwanza ulikuwa chini ya dirisha, kimo cha mtoto wa chekechea. Nilisimama mbele yake nikauwekea mkono wangu, nikaona jinsi mkono wa mtu mzima unavyoweza kuishia mahali pa chini hivyo.

Mwezi wa Juni mstari ulifika kwenye kizingiti cha chini cha dirisha. Julai ukapanda vidole vinne, ukakwama wiki tatu, na wiki hizo tatu nilikula chakula bila kukijua ladha. Agosti ukakwamuka, ukapanda tena.

Huko mnadani mambo yalikuwa magumu. Sikununua karanga tena. Nachua, napasha moto, nawapa watu mazoezi ya kufanya kwao. "Fundi, betri imeisha?" wananiuliza. Mzee Hasani alikuja na kiuno chake, nikaona nimweleze ukweli wote, karanga na kisigino. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri sana.

"Nimekuelewa," akasema. "Basi nikanyagie moja tu, ya mwisho."

Lakini kilichoniuma zaidi siyo foleni kupungua. Ni kwamba Mama Saturnini aliacha kumtuma kuku. Miezi mitano. Nilipisha njia, akapita, nikaona miguu yake na ncha ya khanga, na hakuna neno. Mbuzi wangu alikula mihogo yake yote ya upande wa kisima na hakusema kitu. Nilitamani anitukane kupitia kuku, kupitia mlango, kupitia chochote. Kuku mwenyewe alianza kunishangaa.

Septemba Saturnini akafika. Alikuja na begi dogo na tiketi mbili za kurudi, akaziweka mezani kwa mama yake ili kila mtu azione. Asubuhi yake akaenda mwenyewe kisimani, akajaza ndoo ya lita ishirini, akaiweka katikati ya uwanja. Ikabaki kama vidole vinne kufika mdomoni, akafikiri, akaongeza kwa kopo mpaka ikajaa. Nilimchukia kwa lile kopo.

Watu walikuja tena, walewale, safari hii hakuna aliyepiga makofi. Goreti alisimama karibu na mlango ameshika mikono yake mwenyewe. Mimi nilijisimamisha pembeni kabisa kwenye majani, nimeinamisha kichwa kama inavyotakiwa, na kwa hiyo yote niliyoyaona niliyaona kwa chini. Niliona miguu ya Mama Saturnini inakuja. Niliona inapangwa, mmoja mbele, mmoja nyuma. Niliona kitako cha ndoo kinaachana na udongo, kinapanda mpaka gotini, kinatulia pale. Nikasikia anapumua. Saturnini akasema, "Mama, acha, tumeshaona." Kitako cha ndoo kikapita goti, na mimi nikafumba macho. Nikamwomba Mungu, nikamwomba na Sista Dionisia.

Ka!

Nikasahau ukwe, nikasahau kila kitu. "Mama!" nikapiga kelele, nikaruka kutoka majanini nimenyoosha mikono yote miwili kumshika. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nzima, nikamtazama mama mkwe usoni.

Alikuwa amesimama wima. Ndoo iko kichwani juu ya ngata, maji yanamchirizika shingoni, na mkono wa kulia umeishika ndoo kwa juu, kiwiko kimepinda kidogo, kinatetemeka, lakini kiko juu. Saturnini alikuwa amepauka. "Bega! Mama, bega limevunjika, nimesikia!"

Mama Saturnini akanyanyua kisigino taratibu, ndoo isimwagike. Chini yake palikuwa na karanga iliyosagika.

Goreti akaanza kucheka, akajiziba mdomo, akashindwa. Bakary akajishika tumbo. Mimi nilibaki nimenyoosha mikono hewani kama mtu anayepokea mtoto, sijui niishushe vipi.

"Saturnini," mama yake akasema, "kwa ile tiketi yangu pakia gunia la mihogo, kama huyo mbuzi amebakiza."

Kisha akageuza macho chini, mahali kuku mwekundu asiye na mkia alipokuwa ameshafika anadonoa ile karanga.

"Kuku," akasema, "mwambie mkwe wangu limelia."

Nilitaka nimjibu kuku. Machozi yalikuwa yananitoka mbele ya wanakwaya wote, na kuku akaondoka bila jibu.